Herini za Mke wa Mtu

Nilimpenda Wilibrodi mpaka saa nane mchana wa Jumapili ile. Ilipofika saa kumi nilikuwa namwonea kinyaa, kinyaa chenyewe, kile cha kukuta unywele kwenye ugali wakati tonge umeshalimeza. Na asije mtu akaniambia mapenzi hayaishi haraka hivyo. Yangu yaliisha, tena niliyaona yakitoka.

Alikuwa amekaa Ulaya miezi saba. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa Land Rover za watalii, nami nilikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli moja huku juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tulipendana kwenye ukungu. Asubuhi alikuwa anakuja mlango wa jikoni kuchukua vyakula vya wageni wake, mimi namkabidhi boksi, yeye anashika boksi na vidole vyangu pamoja, haachii. Basi tunasimama hivyo mpaka mpishi apige kelele. Halafu mzee mmoja wa Austria, mwenye hoteli yake kando ya ziwa huko kwao, akampenda kwa uchangamfu wake na akamwita akajifunze kazi. Barua zilikuja kila mwezi. "Najifunza mapokezi na mapishi, mpenzi, tutafungua ya kwetu Karatu." Mimi nani nisiamini? Barua zile nilizilalia chini ya mto mpaka wino ukafifia.

Wajomba zake walishatangulia Jumamosi na pombe ya uchumba, mtungi mzima, wakauweka pembeni mwa sebule yetu kule Rhotia. Kwa desturi ya ukoo wetu, pombe hiyo haiguswi na mtu mpaka binti mwenyewe aichote na kumpa baba yake. Akichota, ameolewa, yaliyobaki ni kanisa tu. Niliomba ruhusa kazini kwa ajili ya kuchota kata moja ya pombe. Nilisuka nywele. Nilijipaka mafuta mpaka magotini.

Akaja amevaa suti nyeupe pe, katika vumbi lile jekundu la Rhotia! Nilicheka peke yangu jikoni kabla sijatoka.

"Tumsifu Yesu Kristu," akamwamkia baba yangu, Mzee Piusi, ambaye alikuwa katekista miaka ishirini.

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Saita!" baba akaongeza salamu ya Kimbulu.

"Saita, baba. Shikamoo."

Zamu yangu ilipofika tulipeana mikono kama watu wasiojuana, lakini kidole chake cha shahada kilinikuna kiganjani kama zamani. Damu ilinichemka mpaka masikioni.

"Umekonda," akaninong'oneza.

"Wewe umenenepa."

"Nimenenepa kwa kukuwaza."

"Mtu akiwaza hukonda, Wili."

"Si mimi. Mimi nikikuwaza nasikia njaa."

Mdogo wangu Germana akakohoa kikohozi cha uongo. Mama, yeye hakuwa na habari na sisi. Alishafungua zawadi. Enzi hizo sabuni ilikuwa haionekani madukani hata umulike kwa tochi, na Wilibrodi alimletea sabuni sita za kunukia, kila moja na karatasi yake. Mama Bernadina alizinusa moja moja, amefumba macho.

Tukakaa. Chai ikaja, na sukari ya kutosha, ya kwake. Baba akasogeza kiti.

"Haya mwanangu. Nisimulie Roma."

"Roma nilipita siku mbili tu, baba. Sikushauri."

"Hunishauri Roma?"

"Joto, magari, njiwa wanakunyea kichwani. Lile kanisa ni kubwa, sawa, lakini ukishaliona umeliona. Kama unataka likizo ya maana nenda milimani Austria, au Majorca kwenye kisiwa. Roma waachie wanaoanza kusafiri."

Baba aliweka kikombe chini. Mtu aliyekuwa amebandika picha ya kanisa lile ukutani tangu sijazaliwa. "Ukishaliona umeliona," akarudia taratibu, kama anayejifunza neno jipya.

"Na Venisi, shemeji?" Germana akadakia. "Ule mji ulio ndani ya maji?"

"Unanuka. Ingia asubuhi, toka jioni, usilale. Viena ndiyo mahali, shemeji. Keki zake! Uhispania ni ya watu wanaopenda kulala mchangani uchi. Ugiriki sikushauri, vyoo vyao vibaya."

Mazungumzo ya namna hiyo nilikuwa nayajua. Kila jioni hotelini niliwapelekea watalii supu huku wakichambua nchi za watu kama mama anavyochambua mchele: ile ina mbu, ile watu wake ombaomba, ile usiende kabla hawajajenga hoteli nzuri. Na zamu ya kwetu ilipofika, nilisimama nyuma ya kiti na sahani mkononi nikajifanya sielewi. Sasa nayasikia kwenye mdomo nilioubusu.

"Na wewe, Leo?" Ndivyo alivyolikata jina langu, Leonida. Akanigeukia, na yale macho yake. Jamani, yale macho. "Fungate yako unaitaka wapi? Taja popote."

Nilikuwa na jibu langu tangu siku nyingi.

"Nataka kushuka kreta."

"Kreta ipi?"

"Yetu. Mwaka wa nne huu nafanya kazi pale juu, naitazama kila siku kama mtoto anayechungulia arusi dirishani. Sijashuka hata siku moja. Nataka nikae kiti cha mbele, wewe uendeshe, unionyeshe viboko."

Akacheka. Alicheka kweli, akamtazama Germana ili naye acheke.

"Leonida! Nimekula vumbi la shimo lile miaka sita. Mavi ya nyati, nzi, na Wamasai wananuka maziwa. Ndiyo fungate hiyo?"

"Hodi humu," sauti ikaita mlangoni.

Alikuwa mama Namunyak, Mmasai, jirani yetu wa miaka yote kutoka upande wa Ngorongoro. Jumapili hutuletea maziwa kwenye kibuyu, sisi tunampa maharage. Kama alisikia, hakuonyesha. Baba akamvutia kiti karibu na dirisha, mama akamtilia chai.

Wilibrodi akageuza mazungumzo, akatoa picha. Ziwa, mashua, milima yenye theluji. Zikapita mkono kwa mkono. Germana, ambaye Mungu alimuumba bila subira, akaingiza mkono kwenye mkoba wa Wilibrodi na kutoa bahasha nyingine.

"Hizo hapana!" Wilibrodi akaruka.

Alichelewa. Zilishamwagika mezani.

Wilibrodi wangu, Mmbulu mtoto wa Mmbulu, mtoto wa mkulima wa ngano, amesimama mlangoni mwa hoteli na shuka nyekundu ya Kimasai. Mkuki mkononi. Uso umepakwa rangi nyekundu kama mlango mpya. Bibi mmoja wa Kizungu anamshika msuli wa mkono kama anayechagua nyama buchani. Katika picha nyingine anaruka juu katikati ya meza za chakula, na watu wanamtazama huku wamekamata uma.

Namunyak aliichukua ile ya mlangoni, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka yake.

"Huyu moran," akasema alipopata pumzi, "ameolewa na nani?"

"Kwa nini, mama?" nikamuuliza.

"Hizi herini ni za mwanamke. Tena mwanamke aliyeolewa. Tazama, mimi ninazo." Akashika masikio yake, shanga zikacheza. "Huyu hana hata tundu, amefunga na uzi! Kwetu mwanamume akivaa hii, hata mbwa wake anamkimbia."

Germana alianguka kwenye bega langu kwa kicheko. Mama alicheka, baba alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilicheka, na nakwambia ukweli, nilicheka kwa mapenzi. Nilisema moyoni, maskini Wili wangu, Ulaya imemfanya bibi arusi. Kama naye angecheka tu pale, leo ningekuwa mkewe.

Hakucheka.

"Wazungu wanajua nini?" akafoka. "Nilizinunua hapo Karatu kwa wauza vinyago, nikazipeleka za zawadi. Wao wanataka shanga, hawaulizi shanga za nani." Halafu akamgeukia Namunyak na kumwambia kwa sauti ile ile ambayo watalii wabaya hututumia sisi: "Wewe mama, si umeshaleta maziwa? Acha kibuyu uende."

Namunyak akaweka picha mezani, pole pole. Akajifuta mkono, akasimama. Baba akawahi kusimama kabla yake.

"Kaa, mama Namunyak. Nyumbani kwangu mgeni hafukuzi mgeni." Sijawahi kumsikia baba akitumia sauti hiyo hata kanisani.

Wilibrodi akanishika mkono. "Leo, tutoke kidogo. Nitakueleza."

Tukasimama nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Akanishika mabega, na mikono yake bado ilinitetemesha, sikatai.

"Hakukuwa na kozi," akasema. "Nilifika, yule mzee akanipa shuka. Akaniambia mapokezi ndiyo hayo. Ningefanya nini, Leo? Nirudi siku ya pili watu wa Karatu wanicheke?"

"Ungeniandikia."

"Ningeandika nini? Kwamba watoto wananisugua mkono kuona kama rangi inatoka? Nililala chumba cha mitambo ya maji moto. Kila jioni nasugua ile rangi usoni na maji ya baridi, haitoki, nalala nayo. Nililia, Leo. Mtu mzima nalia kwa Kimbulu, ndani ya shuka ya Kimasai."

Moyo ukaniuma. Hasira yote ikayeyuka, nikampapasa shingo. Ndivyo tulivyo wajinga tukipenda. Nikasogeza paji la uso wangu kwenye kifua chake, nikamwambia:

"Basi yamekwisha. Utarudi kwenye gari, mimi nitaendelea hotelini. Niahidi tu kwamba hurudi kule, nami sasa hivi naingia ndani nachota. Nenda kamwombe radhi mama Namunyak, nami nachota."

Kifua chake kikatulia ghafla chini ya paji langu. Nikainua uso.

"Wili?"

"Nimeshawaambia kwamba utakuja."

"Nani, mimi?"

"Peke yangu ilikuwa aibu. Wawili ni kitu kingine, Leo! Mzee anataka bwana na bibi wa Kimasai. Hiyo ndiyo fungate niliyokuwa nakuuliza. Ziwa lile, mashua, keki. Mchana unakaa mbele ya kibanda unatunga shanga, basi. Jioni tunakuwa wageni kama wao."

"Na nywele zangu? Wanawake wa Kimasai si hunyoa?"

"Utanyoa mara moja tu. Nywele zinaota."

Nilidhani anatania. Yeye akaona nimenyamaza, akafikiri nakubali, akatabasamu. Akatoa mfukoni kijitabu cha rangi, cha kutangaza hoteli, akakifungua kwa fahari kabisa.

"Tazama. Ujue sikukusahau hata siku moja."

Nilikuwa mle ndani.

Ile picha naijua. Miaka miwili nyuma tulikwenda bomani kwa Namunyak, akanivika shanga zake kwa utani, Wilibrodi akanipiga kwa kamera aliyopewa na mgeni. Nimegeuza shingo, nacheka, namtazama yeye. Sijawahi kumtazama mtu mwingine vile. Mama yangu hajaniona na macho yale. Nilimpa yeye, peke yake, akaondoka nayo kifuani. Sasa yako pale juu ya bei ya vyumba.

"Wameandika nini?" nikauliza, maana Kijerumani sikijui.

"Hadithi tu."

"Nisomee."

Akajikuna shingo. "Wameandika, huyu ni Naishorua, miaka kumi na sita. Baba yake alimuuza kwa mzee kwa ng'ombe ishirini. Mpenzi wake moran akaua simba ili amkomboe. Msimu ujao watakukaribisha pamoja."

"Baba yangu ameniuza?"

"Leo, ni hadithi!"

"Baba yangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa nimalize kidato cha nne. Mmoja tu aliyekuwa naye. Tukanywa chai ya rangi miaka miwili. Nani aliwapa hiyo ya kuniuza?"

"Mimi. Walitaka kitu cha kusikitisha." Bado alikuwa anatabasamu, anataka nione raha anayoiona yeye. "Wanakupenda mno! Kuna mzee mmoja, huja kila mwaka, aliikata picha yako akaiweka kwenye pochi. Kila akipita ananiuliza, lini anakuja, lini anakuja?"

Mate yakanijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika. Nikamwona yule mzee. Nikaona vidole vyake. Nikaona pochi ikikaliwa, siku nzima, na macho yangu ndani. Halafu Wilibrodi akanyoosha mkono kunishika shavu, mkono ule ule nilioungoja miezi saba, na ngozi yangu ikasisimka kama imepitiwa na jongoo. Nikajifuta kwa ncha ya kanga. Alikuwa hajanigusa hata, lakini nikajifuta.

"Leo? Una nini?"

"Usinishike."

Nikamnyang'anya kijitabu, nikaingia ndani. Walikuwa wanangoja. Kata ilishawekwa juu ya mtungi, safi. Mama akanyanyuka na tabasamu.

"Haya, mwanangu. Chota."

"Sichoti, mama."

"Unasemaje?"

"Sichoti."

Niliwaeleza yote, nimesimama, sikukaa. Niliposema kwamba nitanyolewa nikae mbele ya kibanda, mama hakusikia kibanda. Alisikia Ulaya.

"Leonida, wewe una akili? Wenzako wanaomba hata Nairobi! Kutunga shanga ndiyo kazi ngumu? Pale hotelini si unawabebea Wazungu hao hao masahani?"

"Nabeba sahani kwa jina langu, mama."

"Jina, jina! Jina litakununulia sabuni?"

Baba akaomba kijitabu. Akakitazama mbali, akakitazama karibu, akanirudishia. "Maneno haya yanasemaje?"

Nilitamani nimfiche. Nikamwambia. Nilipofika kwenye ng'ombe ishirini, sauti ilinikatika, ikabidi nirudie. Wilibrodi alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na suti yake, ametazama chini.

Baba alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akasema, bila ukali, jambo ambalo liliniuma zaidi ya ukali:

"Wilibrodi, ungeandika kwamba nimekufa, ningekusamehe."

"Baba, ni biashara tu."

"Ndiyo. Mtungi wa wajomba zako nitaurudisha mwenyewe kesho asubuhi. Haukuguswa."

Mama alianza kulia. Akazikusanya zile sabuni huku analia, akizirudisha mkobani moja moja. Zilikuwa tano. Sote tukamtazama Germana, ambaye mikono yake ilikuwa inanukia mawaridi. Namunyak akachungulia mkoba, akakaza mdomo asicheke tena.

Nilimsindikiza mpaka njia panda, kwa sababu kwetu hata adui husindikizwa. Jua lilikuwa bado kali, vumbi lilishaiharibu ile suti mpaka magotini. Alinuka marashi ya huko, matamu mno, na kila upepo ulipoyaleta kwangu nilipumua kwa mdomo. Mtu niliyekuwa navuta pumzi shingoni mwake! Kinyaa kingine kilikuwa cha nafsi yangu. Miezi saba nilikuwa nalalia uongo chini ya mto na kuubusu.

Kwenye njia panda akasimama. Macho yalikuwa mekundu.

"Kijitabu nirudishie basi. Nimebaki na kimoja hicho."

"Sikupi."

"Leo, nitakuwa sina hata picha yako." Akauweka mkoba chini. "Basi nipe nyingine, moja tu. Hii nitaitunza. Siionyeshi mtu, naapa kwa mama yangu."

Mpaka hapo, ndugu zangu, alikuwa hajaelewa. Niliona kabisa kwamba hajaelewa, na kwamba hata ningemweleza mpaka giza liingie asingeelewa. Nikaisogeza kanga kichwani, nikasimama mbele yake, karibu, jua likinipiga usoni.

"Nitazame," nikamwambia.

"Nini?"

"Nitazame sasa hivi, Wilibrodi. Tazama vizuri, kwa sababu ni mara ya mwisho, na hii haichapishwi."

Akainua macho. Sikucheka, sikugeuza shingo. Nilimpa uso wangu kama ulivyokuwa siku ile, wenye moshi wa jikoni na chozi moja la kijinga lililokataa kusikia. Akaniona. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu aliporudi kuniona, mimi Leonida wa Mzee Piusi, si mtu mwingine. Alijitahidi. Hakufika hata hesabu ya kumi, akainamisha kichwa.

Akashika barabara ya Karatu na mkoba wake. Nilitaka kumwita mara mbili, na mara mbili kile kinyaa kikanishika koo, nami nikakishukuru.